Gitaa la Mama Lilivyotoa Mgongo

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, akanifunika uso kwa viganja vyake viwili ili nibashiri alikuwa anacheza nini. Ilikuwa bembea. Mikono ilinuka mnyororo, ile harufu ya chuma kilichoshikwa na jasho, yenye uchachu kidogo, ambayo haitoki kwa kunawa mara moja. Nilipaswa kumwambia akanawe. Badala yake nilivishika vile viganja nikabaki navyo puani mpaka mtoto akaingiwa na wasiwasi, akamwita baba yake. Baba yake alikuja, akanitazama, akarudi kwenye taarifa ya habari. Ameshanizoea.

Hiyo ndiyo harufu ya vidole vya mama yangu. Si harufu yake yote, maana Mama aliuza vitunguu sokoni Manyoni, na kitunguu ni kitu kisichokubali kushindwa. Lakini chini ya kitunguu kulikuwa na chuma, kwa sababu mama yangu alikuwa mpiga gitaa. Sisemi gitaa la kuazima la kuimbia watoto. Nasema gitaa la solo, la umeme, lenye waya na spika. Nikiwaeleza hivyo watu wa rika langu huwa wanacheka, wakidhani natunga. Basi ngoja niwaeleze ilivyokuwa nusura nimnyang'anye gitaa hilo kwa mikono yangu mwenyewe, kwa nia njema kabisa na kipande cha sabuni ya mche.

Kwanza mjueni Baba. Baba alikuwa fundi seremala, mwenye karakana ya mabati nyuma ya nyumba. Alitengeneza milango, vitanda, madawati, na kwa wale waliomaliza safari, majeneza. Jumapili dini yake ilikuwa ya kanisani. Siku sita zilizobaki dini yake ilikuwa unyoofu. Hakuweza kukaa kwenye sebule ya mtu yenye picha iliyoinama bila kuinuka kuiweka sawa. Aliwahi kusimamisha mazishi, watu wakiwa na kamba mikononi, ili jeneza lizungushwe kidogo liende sambamba na kuta za kaburi. Wafiwa walimshukuru, ingawa Mama alitembea mbele yake njia nzima ya kurudi kama hawajuani.

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, darasa la tatu, na nilikuwa jicho lake. Ubao ukifika karakana aliuinua hadi usawa wa uso wangu na kusema, "Nuru, hebu ona." Nilifumba jicho la kushoto, nikachungulia kwa la kulia toka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, nikatoa hukumu. Umepinda. Umenyooka. Umejikunja kama kamba. Hasa nilijua ubao uliotoa mgongo. Ubao ukilowa maji kisha ukaanikwa juani, upande mmoja unakauka kabla ya mwingine, unavimba katikati, na pembeni unashuka. Baba alinifundisha hilo kabla sijajua jedwali la saba, na kusema kweli jedwali la saba bado linanisumbua.

Gitaa lilikuja usharikani kwetu kutoka Dodoma, kwenye bendi iliyovunjika. Lilikuwa ndani ya mfuko mweusi wenye zipu mbovu, limejaa vumbi na jasho la watu tusiowajua. Mwalimu wa kwaya akauliza nani anaweza kulipiga. Mama akanyoosha mkono, mdogo wangu Daudi akiwa mgongoni mwake, amelala. Mama alijifunza utotoni kwa kaka yake kule Itigi, wakichunga mbuzi, kwenye gitaa la galoni la mafuta lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Alilishika lile la umeme, akapiga kidogo wimbo wa tenzi, watu wakageukiana.

Mzee Ntandu akasimama. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwahi kupinga jambo lolote maishani mwake, aliuliza tu.

"Mwalimu, mimi sipingi. Nauliza tu. Huyu mama ananyonyesha. Kitu hiki ni cha umeme. Shoti ikitokea, itapitia wapi?"

Wanawake kadhaa wakamtazama Mama kifuani kwa wasiwasi wa kweli.

"Shikamoo, mzee," Mama akasema.

"Marahaba."

"Ikipita huko, mzee wangu, angalau tutaokoa mafuta ya taa."

Wanawake walicheka mpaka benchi likatikisika. Mzee Ntandu hakucheka. Akauliza tena, maana hakuwa anapinga, kwa nini gitaa lisishikwe na kijana, kwa mfano Elisante, ambaye kwa bahati tu alikuwa mpwa wake. Elisante alijua koodi tatu na alikuwa na miwani ya jua ambayo hakuivua hata wakati wa sala. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa amani, akakata shauri kati kwa kati: baada ya Jumapili nne watakuja wageni kutoka Singida Mjini, gitaa litawekwa wakfu, na Mama ndiye atakayepiga. Akipiga vizuri, gitaa ni lake kulishika. Akiharibu, litakwenda kwa Elisante, na swali lisiulizwe tena.

Jioni ile Mama alimwambia Baba, huku akichambua maharage, "Baba Nuru, mimi hili gitaa nalitaka." Alisema hivyo tu. Lakini mimi nilikuwa pale, nikaacha kula. Sikuwahi kumsikia Mama akitaka kitu ambacho si chumvi, daftari au dawa ya mtoto. Nilidhani akina mama hawataki vitu. Nilidhani kutaka ni kazi ya watoto.

Sasa gitaa lenyewe, ambalo Mama alipewa aje kufanyia mazoezi nyumbani, lilikuwa na tatizo. Nyuzi zake sita zilisimama juu ya shingo mbali mno, kama kamba ya kuanikia nguo, na ili kuzibana hadi kwenye vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, ambavyo wapigaji huviita freti, Mama alilazimika kukandamiza kwa nguvu zote. Vidole vilichubuka. Jioni aliviloweka kwenye maji ya chumvi na kukaza meno. Hakulalamika, ila nilimwona akianza kushika kikombe kwa viganja, vidole vikiwa hewani.

Nilitaka kumsaidia, na njia pekee niliyoijua ya kumsaidia Mama ilikuwa kuosha vyombo. Hivyo Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, Mama akiwa sokoni, nililitoa gitaa kwenye mfuko nikaliosha. Nililisugua shingo kwa dodoki na sabuni ya mche. Uchafu uliotoka ulikuwa wa kutisha, nikajisifu. Kisha nikalisuuza, nikaliweka kwenye kichanja cha vyombo katikati ya sufuria mbili, lipigwe na jua la Manyoni la saa saba mchana.

Saa tisa nilikwenda kulianua. Likawa linang'aa. Na kwa mazoea tu, kama mtu anavyojikuna, nikaliinua hadi usoni, nikafumba jicho la kushoto, nikachungulia kutoka upande wa tumbo la gitaa kuelekea kichwani.

Shingo ilikuwa imetoa mgongo.

Hayakuwa mambo ya kubishania. Ule ubao mweusi chini ya nyuzi ulikuwa umevimba katikati na kushuka pembeni, toka juu hadi chini, sawasawa na ubao wowote ulioloweshwa na mtoto mjinga na kuanikwa juani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga juu ya gitaa la Mungu.

Nilifanya alichofanya Baba kwa mbao za namna hiyo: nililikandamiza. Nililirudisha mfukoni, nikalilaza kifudifudi chini ya godoro letu, na kwa kuwa mimi nilikuwa mwembamba, nikamweka Daudi juu. Daudi alikuwa na miezi minane na mwili wa mtu mwenye cheo. Alikaa pale kwa utulivu mkubwa, akitafuna mkono wake, na kwa kitambo nikaona mpango unafanya kazi. Kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo kila mlezi analijua, na godoro likalowa. Gitaa likapata maji kwa mara ya pili siku moja. Nilikaa sakafuni nikalia, na Daudi akaniangalia kwa huruma kutoka juu ya uharibifu wake.

Mgongo, bila shaka, haukushuka hata unywele. Nikanyamaza. Jumanne nikanyamaza. Jumatano Mama akampelekea Baba gitaa karakana. "Baba Nuru, wewe ni fundi. Hizi nyuzi haziwezi kushuka kidogo? Vidole vyangu havifiki Jumapili."

Baba alilipokea kwa heshima, maana hakuwahi kushika kitu cha mbao ambacho hakukielewa. Mama alipoondoka alichukua rula ya chuma, akaiweka juu ya shingo, ikikatiza upana wake, chini ya nyuzi. Rula ikabembea huku na huku, haitulii. Baba akaibonyeza upande mmoja, upande wa pili ukanyanyuka. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyesoma barua mbaya.

"Nuru, hebu ona."

Niliona. Nilikuwa nimeona tangu Jumatatu.

"Imetoa mgongo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Imetoa mgongo!" Baba akasema. "Nani kaimwagia maji hii?"

Nikawatazama kuku. Baba naye akawatazama kuku, kisha akasema, kwa upole ulionichoma zaidi kuliko fimbo, kwamba lazima lilinyeshewa huko Dodoma. Akaniambia nisimwambie Mama. "Ataumia moyo kabla ya Jumapili. Tutalinyoosha wenyewe." Hivyo nikawa na siri mbili, moja ya kwangu na moja ya Baba, na zote zilimhusu mtu aliyekuwa jikoni akitupikia ugali.

Baba alitaka kuupiga ule ubao randa hadi uwe bapa. Namshukuru Mungu kwa zile freti, kwani ndizo zilizomzuia: randa ingegonga chuma na kupoteza makali. Akageukia nyuzi. Chini kabisa ya gitaa, pale nyuzi zinapofungiwa, kulikuwa na vidaraja sita vidogo, kila uzi na chake, na kila kidaraja kina skrubu mbili ndogo kama punje za mtama. Ukizizungusha upande huu kidaraja kinapanda, upande ule kinashuka. Vidaraja vya katikati vilikuwa juu, vya pembeni chini, vimepangwa kama kilima. Baba alitikisa kichwa. Hata waliolitengeneza, alisema, walikuwa wanafuata ubao mbovu. Akavishusha vyote, kisha akaviweka vyote sita kwenye mstari mmoja, ulionyooka. Akachukua pima maji, kile kipande cha mbao chenye kichupa cha maji na povu, akakilaza juu ya nyuzi. Povu likatulia katikati kabisa. Baba akapiga picha moyoni. Sidhani kama kuna gitaa lingine nchini lililowahi kufaulu pima maji.

Ijumaa Mama akalijaribu nyumbani.

Nimesikia mbuzi wakigombana, nimesikia treni ya mizigo ikifunga breki, lakini sijasikia kitu kama kile. Nyuzi mbili za katikati zilikoroma. Zilikuwa zimelala juu ya mgongo wa shingo, zinagonga freti kila zikitikisika, na ukipanda juu kidogo hazitoi sauti kabisa. Nyuzi za pembeni, zile nyembamba na zile nene, zilikuwa bado ziko hewani, kwa sababu ubao ulishuka chini yao na zenyewe hazikushuka nao. Mama alipiga wimbo wote mara moja. Akaupiga tena polepole. Kisha akaweka gitaa magotini na kuvitazama vidole vyake.

"Ni mimi," akasema. "Nimesahau. Miaka yote hii ya vitunguu, mkono umekufa." Akamfunga Daudi mgongoni. "Mzee Ntandu aliona mbele. Kesho jioni nitampelekea Elisante, nisije nikawaaibisha mbele ya wageni."

Baba akachukua pima maji yake akarudi karakana. Mimi nilitoka nje nikajificha nyuma ya rundo la vumbi la mbao. Nataka kusema ukweli: sijawahi kujichukia kama siku ile, na tangu hapo nimefanya mambo mengine yaliyostahili zaidi. Mama yangu alikuwa ametaka kitu kimoja. Na sasa alikuwa anaamini kwamba yeye ndiye aliyeharibika.

Jumamosi asubuhi alikuja Baba Zuwena, jirani yetu, dereva wa greda ya kuchonga barabara. Alikuja kudai mlango wake.

"Asalaam aleikum, fundi. Mlango wangu."

"Kesho," Baba akajibu bila kugeuka, kwa mazoea. Alikuwa ameshika gitaa, anazungusha skrubu huku, anazirudisha kule.

"Kesho ya wiki ile au ya wiki hii?"

Baba akaendelea na skrubu. Baba Zuwena alikuwa na macho, akaona kuna msiba. Akauliza kulikoni. Na mimi, niliyekuwa nafagia, nikapasuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa na maradhi tangu Jumatatu. Nikasema yote, dodoki, sabuni, kichanja, jua, godoro, Daudi. Nikasema ni mimi niliyelikunja gitaa na Mama anadhani ni mkono wake.

Sijui Baba angefanya nini, kwa sababu Baba Zuwena alikuwa ameshalichukua gitaa, amelishika kama mtu anavyoshika mtoto mchanga wa jirani, akafumba jicho moja na kuchungulia. Kisha akaanza kucheka.

"Fundi, hii haijapinda."

"Imetoa mgongo! Mtoto kaona, mimi nimeona, rula imeona!"

"Haijautoa. Imepewa." Akaketi juu ya benchi la kurandia, jambo ambalo Baba hakumruhusu mtu. "Mimi nalipwa kwa kazi gani? Nikichonga barabara ya Itigi nikaiacha bapa kama mlango wako, ambao sijauona, mvua ya kwanza maji yanalala katikati. Mvua ya pili malori yanalala katikati. Barabara lazima ipande katikati, ishuke pembeni. Wewe unaona mgongo unasema imeharibika. Mimi nikiona mgongo nasema, hapa kapita mtu anayejua kazi."

"Barabara si gitaa."

"Sawa. Basi tusiiulize barabara, tuviulize hivi vyuma. Mtoto, njoo. Jicho lako ndilo linasifiwa mtaa mzima. Hivi vyuma vimekaaje?"

Baba akanipa gitaa mwenyewe. "Nuru, hebu ona," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayehitaji jibu.

Nikafuta machozi, maana jicho lenye maji halioni mstari. Nikachungulia freti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. "Navyo vimepinda, Baba. Vimeinama na ubao."

"Kuna mwanya? Kati ya chuma na ubao?"

"Hakuna. Hata wembe haupiti. Na mgongo ni ule ule, juu mpaka chini. Haukuzidi mahali."

Niliona jambo hilo likipita ndani ya Baba taratibu, kama msumari kwenye mninga mkavu. Ubao ulioharibiwa na jua haupindi sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, unapinda unavyotaka. Na jua la Manyoni ni kali, lakini halijawahi kukunja chuma kikafuata ubao bila kuacha mwanya.

"Wameukunja makusudi," akasema hatimaye, kama mtu aliyegundua kwamba majirani zake wote ni wachawi.

"Makusudi kabisa," akasema Baba Zuwena. "Sasa wewe umeweka nyuzi bapa juu ya kilima. Za katikati zimegonga kilele, za pembeni zimening'inia bondeni. Nyuzi nazo zinatakiwa zipande na kushuka pamoja na kilima, ili kila moja iwe na nafasi ile ile chini yake. Sisi barabarani tuna kibao kilichokatwa kwa umbo la mgongo. Tunakilaza juu ya udongo, tunajua palipozidi. Kata kibao chako."

Nikaleta boksi tupu la misumari, la karatasi ngumu. Baba akalisimamisha kwenye ncha ya ubao, pale shingo inapoishia karibu na tumbo la gitaa, na mimi nikafuata ule mviringo kwa penseli. Nikakata kwa wembe nikiwa nimeuma ulimi. Boksi likatoa vipande viwili: kimoja chenye bonde, kilichokaa juu ya shingo bila kubembea hata kidogo, na kingine chenye kitambi. Baba akakinakili kile cha kitambi kwenye kipande chembamba cha mninga, akakipiga tupa na msasa, akakipima, akapiga msasa tena. Baba Zuwena alishika gitaa na hakuuliza habari ya mlango kwa saa nzima. Kisha Baba akakiingiza kibao chini ya nyuzi, karibu na vidaraja, akaanza kuzungusha skrubu, uzi mmoja mmoja, mpaka kila uzi ukagusa mgongo wa kibao bila kuubonyeza. Vile vidaraja vikarudi kuwa kilima, kama vilivyokuwa kabla hatujavinyoosha, ila sasa viko chini zaidi. Mwisho akavipandisha vyote kwa kipimo kimoja, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka nyuzi zikaacha kukoroma. Zile nene akaziongezea kidogo, kwa kuwa zinatikisika kwa upana zaidi. Hilo hakufundishwa na mtu. Alisikiliza tu.

Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta wanaume wawili na mtoto mmoja wamesimama mstari mmoja, wametulia mno. Baba akampa gitaa. Mama akalipokea ili alitie mfukoni kwa ajili ya Elisante. Vidole vyake vikagusa nyuzi, na vikakaa. Akabonyeza. Akabonyeza juu zaidi. Akaketi kwenye gogo, bila waya wala spika, akapiga wimbo ule wa Jumapili hadi mwisho, na kila uzi ukajibu.

"Nani kalitengeneza?"

"Nuru kaona, mimi nimekata, Baba Zuwena kacheka," Baba akasema.

Nikamwambia na mengine yote. Nilipofika kwa Daudi na godoro, Mama akahamia Kinyaturu, na alikaa huko muda mrefu. Baba, ambaye ni Mgogo na hakuwahi kukijua Kinyaturu zaidi ya salamu, akaniinamia kuniuliza anasema nini. Nikamwambia anatushukuru. Lakini alipomaliza, Mama alinivuta akanikandamiza kifuani, kitunguu na chuma, akasema kwa Kiswahili, "Kumbe mkono wangu mzima." Akarudia. "Kumbe ni mzima." Nilihisi anatetemeka, nikadhani ni baridi, saa nane mchana.

Baadaye nikiwa mtu mzima nilikuja kujua kwamba migongo ya magitaa haifanani. Yako yaliyokunjwa zaidi, yanayoupendeza mkono unaposhika koodi, na yako yaliyo karibu kuwa bapa, kwa wanaopenda kuvuta uzi kwa pembeni ulie, maana kwenye mgongo mkali uzi ukivutwa kuelekea kileleni unaweza kugonga freti na kunyamaza. Mtu aliyenieleza alikuwa na vipimo vyote kwenye simu yake. Nilimsikiliza kwa adabu. Sikumwambia kwamba nililisoma somo hilo nikiwa darasa la tatu, kwa mwalimu wa greda.

Jumapili kanisa lilijaa. Wageni walikaa mbele, Elisante alikaa upande na miwani yake, mkono karibu na mfuko mweusi. Mchungaji akaomba, gitaa likawekwa wakfu, kwaya ikasimama. Mama akaanza. Sina maneno ya kuisifu sauti ile, na ningekuwa nayo msingeniamini kwa sababu mimi ni mwanawe. Nitasema tu kwamba watu wa benchi la nyuma walisimama ili waone inatoka kwa nani.

Katikati ya wimbo Daudi akaanza kulia. Alikuwa kwa Baba, na Baba hakuwa na kitu cha kumpa. Kilio kikapanda. Nikamwona Mama akigeuza macho, vidole vikasita kidogo tu. Baba akampitisha Daudi kwa mama wa jirani, naye akampitisha mbele, na mbele, mkono kwa mkono, kila mtu akitumaini wa mbele yake ana dawa, mpaka mtoto akafika mwisho wa benchi la kwanza ambako hapakuwa na mwingine wa kumpokea zaidi ya Mzee Ntandu. Mzee alimshika mbali na suti yake kama tikiti maji ambalo hajaamua kulinunua. Daudi akanyamaza kwa mshangao. Kisha akaikamata tai ya mzee kwa mikono yote miwili na kuanza kuila, na Mzee Ntandu, mbele ya wageni wa Singida, akaona heri tai kuliko kelele. Akamwachia. Kufikia ubeti wa mwisho alikuwa anamtikisatikisa kwa mapigo, na nina hakika hakujua.

Ibada ilipokwisha mwalimu wa kwaya akaanza kukunja waya. "Haya," akasema, "gitaa linalala wapi?" Lilikuwa swali la kawaida, vyombo vyote vya kwaya vilikuwa na pa kulala. Lakini watu waliokuwa karibu wakamgeukia Mama. Elisante alikuwa ameshaushika mfuko. Mzee Ntandu alikuwa anakagua tai yake iliyolowa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuuliza.

"Linalala kwangu," Mama akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini nyumba yetu haikuwahi kuitwa hivyo. Ilikuwa kwa fundi. Wateja walisema kwa fundi, walimu walisema kwa fundi, hata Mama mwenyewe akimwelekeza mtu wa vitunguu alisema ulizia kwa fundi. Nikamtazama Baba. Alikuwa mtu asiyeweza kupita kitu kilichokaa kando ya mstari bila kukirekebisha, nami nikasubiri akirekebishe.

Baba alikohoa. Akautwaa mfuko mikononi mwa Elisante, akainama, akainua na spika, akaiweka begani.

"Mmemsikia," akasema. "Tupisheni, linakwenda kwake."